Mdudu na Mdudu Wake: Msamiati wa Elimu ya Viumbe Ulivyofika Issenye

Nchi ya Issenye iko magharibi ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mkoani Mara, jirani na nchi za Wanata na Waikoma. Watu wake tangu zamani ni wakulima, wafugaji na wawindaji kwa pamoja, na wanyama wa pori kwao si habari ya vitabuni. Ingedhaniwa basi kuwa mtoto wa nchi kama hii, aanzapo kufundishwa elimu ya viumbe, amekwisha kuijua nusu yake. Kwa upande wa mambo yenyewe ni kweli. Kwa upande wa maneno sivyo. Na historia ya maneno hayo, mengine yakiwa yamezaliwa katika maradhi ya mifugo na mengine juu ya meza za kamati, yafaa kuelezwa, maana hata leo ndiyo inayoamua ni mwanafunzi gani atakayeelewa na ni yupi atakayekariri tu.

Wataalamu huiweka lugha ya Issenye pamoja na Kinata na Kiikoma, na katika mpango wa Malcolm Guthrie lugha hizo zimo katika kundi la E40. Ni lugha za Kibantu, na kila asemaye lugha ya Kibantu, apende asipende, ni mpangaji wa viumbe. Ngeli za majina ni aina ya elimu ya viumbe iliyotangulia vitabu. Katika Kiswahili miti huingia ngeli ya m- na mi-, matunda yake huingia ngeli nyingine, na chochote chenye uhai wa kutembea, hata jina lake likiwa la ngeli ya vitu, huchukua viambishi vya watu: kiboko huyu anakula, si kiboko hiki kinakula. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyetoa kitabu chake cha kupanga viumbe mwaka 1735, asingeshangaa sana kuyasikia hayo.

Wala si ngeli peke yake. Sifa ya mpango wa Linnaeus ni kwamba kila kiumbe hupewa jina la maneno mawili, la kwanza la jenasi na la pili la spishi. Wafugaji wa Tanzania husema ndigana kali na ndigana baridi, maradhi mawili mbalimbali ya ng'ombe yaletwayo na kupe, jina moja la jumla na sifa moja ya kutenganisha. Wenyeji wa mbuga husema swala pala, swala granti na swala tomi. Inafaa kuongeza hapa kwamba majina haya mawili ya mwisho si ya kale hata kidogo: yametokana na Waskoti wawili, James Grant aliyefuatana na Speke kuanzia mwaka 1860, na Joseph Thomson aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884. Lugha imewameza wote wawili mpaka wamekuwa sifa za swala. Hata hivyo, jambo la kuangalia ni kwamba jenasi ya wataalamu na jenasi ya wasemaji hazilingani. Zamani wataalamu waliwaweka swala granti na swala tomi katika jenasi moja. Siku hizi wamewatenga katika jenasi mbili, na swala pala alikuwa katika jenasi yake mwenyewe tangu hapo. Kwa msemaji wa Kiswahili wote watatu bado ni swala. Mwalimu asiyeeleza tofauti hiyo humwachia mwanafunzi wake fumbo.

Fumbo kubwa zaidi ni neno mnyama. Katika mazungumzo ya kila siku ulimwengu wa viumbe wanaotembea umegawanyika: kuna wanyama, kuna ndege, kuna samaki, na kuna wadudu. Shina lenyewe, -nyama, katika lugha nyingi za Kibantu linamaanisha kiumbe wa kuwindwa na pia mnofu wa kuliwa. Sasa mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza kwamba mbung'o ni mnyama, samaki ni mnyama, na binadamu mwenyewe ni mnyama. Kuhusu mbung'o atacheka. Kuhusu binadamu huenda asicheke, maana kumwita mtu mnyama ni kumtukana. Neno kiumbe nalo lina mzigo wake, kwani limetoka katika kuumba, nalo lamtaja Muumba kila linapotamkwa. Lakini ndilo analotumia mwalimu siku anapofundisha mageuko ya viumbe. Hilo si kosa la neno. Ni kazi ya mwalimu kuonyesha kuwa neno moja laweza kuketi katika mabaraza mawili.

Basi maneno ya elimu hii yalianza lini kupata maana mpya magharibi ya Serengeti? Jibu lililo karibu na ukweli ni kwamba yalianza katika msiba. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka kusini, na kufika mwaka 1891 ilikuwa imekwisha kuua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, aliivuka Serengeti mwaka 1892 kuelekea Ziwa Viktoria, akaandika habari za Wamaasai waliokuwa wakifa kwa njaa. Ugonjwa haukuishia zizini. Nyati walikufa, nyumbu walikufa, twiga walikufa. Punda milia hawakufa.

Katika habari hiyo moja limo somo zima la upangaji wa wanyama. Sotoka huletwa na virusi, na virusi hivyo huwashika wanyama wenye kwato zilizogawanyika, hasa wale wanaocheua. Ng'ombe hucheua, nyati hucheua, na nyumbu hucheua. Punda milia hacheui, na kwato yake ni moja nzima kama ya punda. Mfugaji aliyeona mizoga ya nyumbu na hali punda milia wanaendelea kula majani alikuwa ameonyeshwa kwa macho mpaka uliopo baina ya oda mbili za mamalia. Hakuhitaji kufundishwa neno kucheua, kwa kuwa alikuwa nalo nyumbani. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba neno hilo ni la elimu.

Dawa ya sotoka ilikuwa chanjo, na hapo tena neno la zamani lilifanya kazi mpya. Kuchanja ni kutia mkato, mkato wa kuni au mkato wa ngozi. Mganga alichanja mwili ili dawa iingie. Daktari wa mifugo alipofika na sindano alikuta nafasi ya neno iko tayari. Kadhalika kinga, kutoka kukinga, jinsi mtu anavyokinga mvua au pigo. Mtaalamu Walter Plowright, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alitengeneza katika miaka iliyozunguka 1960 chanjo iliyompa ng'ombe kinga ya maisha. Ng'ombe waliozunguka Serengeti walichanjwa, na mapema katika miaka ya 1960 sotoka ikatoweka miongoni mwa nyumbu, ingawa hakuna nyumbu aliyechanjwa. Nyumbu walikuwa kiasi cha robo milioni mwaka 1961. Mwaka 1977 walizidi milioni moja na robo, mvua za kiangazi za miaka ya 1970 nazo zikiwa zimesaidia. Punda milia, ambao sotoka haikuwahi kuwagusa, walibaki kiasi cha laki mbili. Ni mara chache elimu ya viumbe hufanya jaribio kubwa namna hiyo mbele ya macho ya watu. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imekwisha duniani kote, ikiwa ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu baada ya ndui. Neno limebaki bila ugonjwa wake.

Malale ni habari nyingine, na ndiyo inayostahili kukaliwa zaidi.

Mwaka 1903 ilithibitishwa, kwa kazi ya Aldo Castellani na David Bruce huko Entebbe, kwamba malale hutoka kwa kiumbe kidogo sana kinachoishi katika damu na maji ya uti wa mgongo, na kwamba kiumbe hicho huletwa na mbung'o. Mwaka 1906 Robert Koch alikuja pande za Ziwa Viktoria kwa ajili ya ugonjwa huo, akaweka kambi katika visiwa vya Sese. Malale ya ziwani huua polepole, kwa miezi na miaka. Kisha, mwaka 1922, huko Maswa, kusini ya nchi ya Issenye, ikaonekana malale ya namna nyingine, inayoua upesi, nayo haikufuata mwambao wa ziwa bali vichaka vya nyika. Kimelea chake kilikuwa cha namna nyingine na mbung'o wake wa namna nyingine. Kwa Kiswahili zote mbili zikaitwa malale, nao mbung'o wote wakaitwa mbung'o, au ndorobo. Mmoja wa mbung'o wa nyika wataalamu walimpa jina la Glossina swynnertoni, kwa heshima ya C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza kazi ya kuchunguza mbung'o huko Shinyanga na kufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Spishi hiyo makao yake ni kaskazini ya Tanzania na sehemu ndogo ya Kenya inayopakana nayo. Huyo ni mdudu wa kwao kabisa watu wa Issenye, na jina lake la elimu ni la Mwingereza.

Ndipo ilipobidi kueleza. Watu waliombwa wafyeke vichaka, wahame, wakae pamoja katika makazi mapya, na kila agizo lilihitaji sababu, nayo sababu ilihitaji maneno. Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na neno moja kwa yote: mdudu. Mbung'o ni mdudu. Kile anachokiacha katika damu nacho ni mdudu. Mdudu humwuma mtu na kumtia mdudu. Msomaji ajaribu kuisikia sentensi hiyo kwa masikio ya mtu asiyewahi kuona hadubini. Ataelewa nini? Huenda ataelewa kwamba mbung'o humtia mtu mtoto wake, jambo ambalo si upuuzi, maana wako inzi wanaofanya hivyo hasa, wakiingiza mabuu chini ya ngozi. Au atadhani kwamba mbung'o mwenyewe ndiye ugonjwa, na hivyo kila aliyeumwa na mbung'o amekwisha kufa. Na kwa kuwa yeye ameumwa mara mia naye yu mzima, ataona kwamba habari yote ni uongo wa serikali.

Ukweli ni mgumu zaidi. Kimelea hunyonywa pamoja na damu ya mgonjwa, awe mtu au mnyama. Huingia tumboni mwa mbung'o, hubadilika umbo, husafiri mpaka kwenye tezi za mate, na kazi hiyo huchukua kiasi cha wiki tatu au zaidi. Kabla ya hapo mbung'o huyo hana madhara, na mbung'o wengi hawafikii hali hiyo kamwe. Hapa kuna viumbe watatu, kila mmoja na kazi yake: anayeugua, anayebeba, na anayebebwa. Lugha iliyowaita wawili kati yao kwa jina moja haikuweza kulibeba wazo lenyewe.

Dawa ya lugha ilipatikana, na ilikuwa nzuri. Neno kimelea limetoka katika kumea, na kumelea ni kumea juu ya kitu kingine, kama mmea uotao juu ya tawi la mwembe na kunyonya utomvu wake. Neno la mimea likahamishiwa kwenye damu, na wazo likahama nalo: mkulima aliyeuona mmea huo juu ya mti wake ameona yote ya lazima. Mwenye kubebwa akawa kimelea. Mwenye kubeba kimelea mwilini akaitwa mwenyeji wake. Hapo pana utani ambao huenda watunzi wa istilahi hawakuukusudia. Mwenyeji ni mtu wa mahali, anayepokea wageni na kuwalisha. Mwaka 1958 wataalamu walipata nchini Kenya kimelea cha malale katika damu ya mbawala, wakathibitisha kuwa kinaweza kumwambukiza binadamu. Miaka michache baadaye, karibu na mwaka 1970, Rudolf Geigy na wenzake walifanya uchunguzi wa malale katika Wilaya ya Musoma, wakawapima pia wanyama wa pori kama watunzaji wa kimelea. Mnyama wa pori hukaa na kimelea bila kuugua: yeye ndiye mwenyeji wa kweli, na binadamu ni mgeni aliyepita njiani.

Mbung'o ana jambo jingine ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno. Wadudu karibu wote hutaga. Mbung'o jike hazai kwa wingi wala hatagi. Humlea buu mmoja tumboni mpaka amekua, kisha humzaa, na buu hujichimbia udongoni na kuwa pupa. Kwa Kiswahili pupa ni haraka na uroho, na methali za Waswahili zinaionya sana. Kwa elimu ya viumbe pupa ni hatua ambayo kiumbe amelala kimya, hali wala hanywi, kwa mwezi mzima. Aliyelipokea neno hilo kutoka lugha za Ulaya bila kujiuliza litasikikaje alifanya pupa.

Sasa yafaa kuzitazama meza za kamati. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kamusi zake chini ya Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939. Kazi yake kubwa ilikuwa kusanifisha, si kutunga elimu. Mwaka 1964 Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili kikaanzishwa Dar es Salaam, na mwaka 1967 mambo mawili yakatukia pamoja: Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Ghafla mwalimu wa darasa la sita alihitaji neno kwa kila kitu kilichomo ndani ya jani. Mengi ya maneno hayo yakakusanywa hatimaye katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990.

Kanuni iliyokubaliwa ilikuwa ya busara: tafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe, halafu katika lugha nyingine za Kibantu za nchini, halafu katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho ugenini. Mfano unaotajwa mara nyingi ni ngeli, neno lililotoka Kihaya kwa maana ya aina au namna. Lilichukuliwa na wanasarufi, kisha wanabiolojia nao wakalichukua kwa daraja iliyo chini ya faila, kama ngeli ya mamalia, hata sarufi na elimu ya viumbe zikarudi kuwa jirani kama zilivyokuwa tangu awali. Kihaya kiko ng'ambo ya ziwa. Lugha za Mara, ambazo wasemaji wake wameishi na mojawapo ya makundi makubwa zaidi duniani ya wanyama wahamao, hazionekani katika mifano hiyo inayorudiwa vitabuni. Ni hasara. Mtu angetegemea kwamba atakayetunga istilahi za malisho, za uhamaji au za mimea ya nyika ataanzia huko.

Mahali pengine kanuni ilishindwa kwa sababu nyingine. Robert Hooke alipotazama gome la mti kwa hadubini na kutoa kitabu mwaka 1665, aliviita vijumba alivyoviona kwa neno la Kilatini la chumba kidogo. Kiswahili kikalipokea kama seli, pembeni yake kikiwapo chembe hai. Seli kwa mwananchi wa kawaida ni chumba cha mahabusu. Chembe ni punje, chembe ya mchanga au ya unga, kitu kisicho na ndani. Neno la kwanza lina ukuta na halina uhai; la pili limeongezewa uhai na halina ukuta. Hapana shaka seli limeshinda, na sababu yake si ubora bali ni kwamba mwanafunzi atalikuta tena, kwa sura ya Kiingereza, akiingia kidato cha kwanza.

Hapo ndipo penye jeraha. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Hivyo kamusi ya mwaka 1990 ilitoka ikiwa nguo iliyoshonwa kwa mtu asiyealikwa harusini. Mtoto wa Issenye aliyeanza na lugha ya mama yake, akapata kimelea, mwenyeji, kinga na kucheua kwa Kiswahili, huvuka mlango wa sekondari na kuyaacha yote kizingitini. Huanza upya kwa Kiingereza, na wazo ambalo lilikuwa limekwisha kuota mizizi huonekana kana kwamba ni jambo jipya. Waliosema kuwa Kiswahili hakina maneno ya elimu hawakusema kweli. Maneno yalikuwapo, na yaliyo bora kati yake yalikuwa yamejaribiwa zizini na vichakani kabla hayajafika darasani. Lakini neno lisilotumiwa mtihani wa mwisho halina mtetezi.

Tofauti ya sotoka na malale yaonyesha pia jambo ambalo hakuna neno lililolifunika vizuri. Sotoka ilikubali chanjo. Malale haina chanjo mpaka leo, kwa kuwa kimelea chake hubadilisha vazi lake la nje mara kwa mara; mwili ukishamaliza kujikinga na vazi la kwanza, cha pili kimekwisha kuvaa jingine. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea mbuga za kaskazini ya Tanzania, Serengeti ikiwemo, walirudi kwao na malale, na madaktari wa Ulaya wakalazimika kukumbuka ugonjwa ambao wengi wao waliusoma tu. Wageni hao waliumwa na mbung'o waliokwisha kunywa damu ya wenyeji wa pori.

Na katika zahanati, ambako damu hutazamwa kwa hadubini na tofauti baina ya kimelea na mbebaji wake yajulikana vema na anayetazama, jibu analopewa mgonjwa mara nyingi ni lile lile la zamani: una wadudu, au huna wadudu.